Mkakati wa Kiwanda, Ziwa la Wote

Nianze na swali. Ukiwa na kiwanda cha minofu ya samaki pale Mwanza, mshindani wako ni nani?

Mwanafunzi wa biashara hatachelewa kukujibu. Mshindani ni kiwanda cha jirani, kinachonunua sangara kwenye mialo ileile na kuuza Ulaya kwa wateja walewale. Kama amesoma vizuri ataongeza kwamba wapo pia wenye mitumbwi wanaotaka bei ipande, wapo wanunuzi wa ng'ambo wanaotaka ishuke, yupo samaki aitwaye pangasius wa Vietnam anayeuzwa kwa bei nafuu, na yupo mwekezaji anayeweza kushuka kesho na mtaji wake akafungua kiwanda kipya. Jibu hilo ni la Michael Porter, mwalimu wa Harvard, katika kitabu alichokitoa mwaka 1980. Limefundishwa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala kwa vizazi kadhaa vya mameneja, na ni jibu zuri. Ila tazama kilichoachwa nje. Ziwa lenyewe halimo. Samaki anachukuliwa kama maji ya bomba, kwamba ukifungua tu yatatoka. Na sisi tunajua hata ya bomba hukatika.

Leo nazungumzia watafiti wa usimamizi wa kimkakati, yaani wale wanaochunguza jinsi kampuni inavyochagua njia yake, na safari yao ya kukutana na maendeleo endelevu. Usidhani ni habari ya maprofesa peke yao. Wanachokiandika leo ndicho meneja atakachofundishwa kesho, na meneja huyo ndiye atakayeamua samaki wa sentimita 40 apokelewe getini au arudishwe.

Ripoti ya tume ya Gro Harlem Brundtland, ya mwaka 1987, ndiyo iliyoyapa maneno "maendeleo endelevu" maana tunayoijua wote: kukidhi mahitaji ya leo bila kuwanyima watakaokuja. Wanasiasa waliipokea mapema. Watu wa mkakati walichelewa. Mwaka 1991 Jay Barney aliandika makala iliyobadilisha taaluma yao, akisema kampuni hushinda kwa rasilimali zake zenye thamani, zilizo adimu na zisizoigika kirahisi. Alikuwa na maana ya ujuzi, jina na utaratibu wa kazi. Miaka minne baadaye, 1995, Stuart Hart akauliza jambo ambalo mvuvi yeyote wa Ukerewe angeliuliza: mbona katika orodha hiyo ya rasilimali mazingira ya asili hayatajwi? Hart alidai kwamba siku zinakuja ambapo kampuni itapimwa kwa uwezo wake wa kuzuia uchafuzi, kusimamia bidhaa tangu inapozaliwa hadi inapotupwa, na kuishi bila kumaliza kile kinachoilisha.

Baada ya hapo utafiti ukafurika. Lakini kwa miaka mingi sehemu kubwa ilizunguka swali moja: je, kampuni inayotunza mazingira na watu hupata faida zaidi? Tafiti zimefanywa kwa mamia, zikajumlishwa, zikajumlishwa tena, na majibu kwa ujumla yanaegemea upande wa ndiyo, kwa uhusiano mdogo na wenye masharti mengi. Mimi naona swali hilo limechoka. Mwenye kiwanda anaweza kupata faida nzuri kwa miaka 15 huku samaki wakiisha, kisha akafunga milango na kuhamishia fedha zake kwenye hoteli. Vitabu vyake vya hesabu vitaonesha kwamba alishinda. Watakaobaki mwaloni ndio watakaojua alishinda nini.

Turudi ziwani, maana hapo ndipo nadharia hizi zinapoweza kupimwa.

Sangara si mwenyeji wa Ziwa Victoria. Alipandikizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akakaa kimya kwa muda mrefu, kisha katika miaka ya 1980 akaongezeka kwa kishindo. Furu, wale samaki wadogo waliokuwa na aina mamia, wakaliwa. Aina nyingi hazikuonekana tena. Wataalamu wa viumbe wanauhesabu upotevu huo kuwa mojawapo ya hasara kubwa kabisa za viumbe wenye uti wa mgongo katika zama zetu. Mfanyabiashara alikuwa na hesabu nyingine: samaki mkubwa, mwenye mnofu mweupe usio na miba, na soko la Ulaya linalomtaka. Viwanda vikajengwa Kisumu, Mwanza, Musoma, Jinja na Entebbe. Minofu ikaanza kusafiri kwa ndege, na mapanki, yaani kichwa na mifupa yenye nyama kidogo, yakabaki kwetu tukayakaanga.

Kisha ukaja mtihani ambao, kwa maoni yangu, ndio somo bora la mkakati kuwahi kutokea katika ukanda huu, na ni aibu kwamba halifundishwi zaidi. Kati ya 1997 na 2000 soko la Ulaya lilifungwa mara tatu mbele ya samaki wa ziwa hili. Mara ya kwanza, mwaka 1997, sababu ilikuwa bakteria wa salmonela. Mwaka 1998 ilikuwa kipindupindu, ingawa Shirika la Afya Duniani halikuona kwamba marufuku ya chakula ndiyo njia sahihi. Mwaka 1999 zikaja habari za watu kuvua kwa sumu. Viwanda vikasimama, wafanyakazi wakarudishwa nyumbani, bei ya sangara ufukweni ikaanguka.

Tazama walichokifanya wenye viwanda. Watu waliokuwa wakigombea samaki mmoja mmoja wakakaa pamoja. Waliunda au waliimarisha vyama vyao, wakalipia maabara, wakabadilisha sakafu na mifumo ya maji, wakafundisha wafanyakazi kuandika kila hatua tangu samaki anapopokelewa hadi anapopakiwa. Serikali nazo zikapanga upya ukaguzi na kuboresha mialo teule, zikaweka sakafu safi na barafu. Uganda na Tanzania zikarudi sokoni kabla ya Kenya. Mtafiti Stefano Ponte aliyafuatilia haya upande wa Uganda na kuyachapisha mwaka 2007. Ukisoma kazi yake unaona kwamba sehemu ya mabadiliko ilikuwa ya kweli na sehemu ilikuwa ya kumridhisha mkaguzi. Hata hivyo yalifanyika, tena haraka.

Sasa hapa ndipo ninapotaka tusimame kidogo. Wenye viwanda haohao walioweza kusafisha sekta nzima ndani ya miaka michache hawakuweza, kwa zaidi ya miaka 20, kukubaliana kwa dhati kukataa sangara mchanga. Sheria ipo. Kipimo kilichokubaliwa na nchi tatu kilikuwa kwamba sangara wa kiwandani awe kati ya sentimita 50 na 85, ili wadogo wapate kukua na majike makubwa yenye mayai yabaki majini. Rula ipo getini. Samaki mchanga akaendelea kupita. Tafiti za majini zilizotumia mawimbi ya sauti kukadiria wingi wa samaki zilionesha sangara wamepungua sana kati ya mwisho wa miaka ya 1990 na mwisho wa miaka ya 2000. Viwanda kadhaa vikafungwa, hasa Kenya, na vilivyobaki vikawa vinafanya kazi chini ya uwezo wao.

Kwa nini usafi uliwezekana na urefu ukashindikana? Jibu langu ni kwamba marufuku ya Ulaya ilimpiga kila mmoja siku moja. Kila kiwanda kilijua kwamba uchafu wa jirani utakifungia na chenyewe soko. Samaki mchanga hampigi mtu siku moja. Ukimkataa wewe asubuhi, jirani atamnunua mchana, wewe utalipa mishahara bila malighafi na yeye atajaza ndege. Na mnunuzi wa Ulaya aliyepima bakteria maabarani hakuwa na haja sana ya kupima umri, kwa sababu mnofu ukishachunwa na kugandishwa huoni tena samaki wake alikuwa na urefu gani. Hapo mkakati bora wa kila kiwanda, ukiuweka pamoja na mikakati bora ya wengine, unazaa ujinga.

Mwelekeo mpya wa utafiti unaonivutia zaidi unaanzia hapa hasa. Mwaka 2015 Henrik Österblom wa Stockholm na wenzake walichapisha utafiti kuhusu kampuni za uvuvi wa baharini duniani. Walikuta kampuni 13 tu zinashika kati ya asilimia 11 na 16 ya samaki wote wanaovuliwa baharini, na sehemu kubwa zaidi ya samaki wenye thamani. Wakahoji: kama katika mfumo wa viumbe wapo wanyama wachache ambao wakiondoka kila kitu kinabadilika, je, kampuni hizi nazo si hivyo? Hawakuishia kuandika. Waliwafuata wakuu wa kampuni hizo, wakawaketisha na wanasayansi, na tangu 2016 kuna umoja wa baadhi yao unaojiwekea masharti. Matokeo yake bado yanabishaniwa, na si ajabu. Ninachokipenda ni uelekeo wa jicho. Badala ya kuhesabu mamilioni ya wavuvi na kuwalaumu, walitafuta mlango ambao samaki wote hupitia.

Ziwa Victoria lina mlango wa namna hiyo. Wavuvi ni wengi, mitumbwi ni maelfu kwa maelfu, mialo imetawanyika nchi tatu na visiwani. Lakini sangara anayekwenda nje hupitia viwanda vichache mno, hata ungeweza kuwaalika wakurugenzi wa vyote kwenye ukumbi mmoja na viti vikabaki. Pamoja na hayo, mkono wa dola umeelekezwa wapi? Uganda ilipeleka jeshi ziwani mwaka 2017. Tanzania iliendesha operesheni kali mwaka 2018. Makokoro yakachomwa, nyavu za timba zikachomwa, mitumbwi ikaharibiwa, watu wakatozwa faini zilizowafilisi. Wapo wanaosema samaki wakubwa walirudi, na pengine ni kweli kwa muda. Lakini mvuvi anajua jambo moja rahisi: samaki mchanga asiyekuwa na mnunuzi havuliwi.

Nisiseme kana kwamba viwanda pekee ndio wanunuzi. Samaki aliyekataliwa getini ana njia nyingine. Atakaushwa, atatiwa chumvi, atapelekwa Kongo, au ataliwa Geita. Na kuna mabondo, vibofu vya hewa vya sangara, vinavyonunuliwa kwa bei ya kushangaza kwa ajili ya soko la China na Hong Kong. Bondo kubwa lina bei zaidi kwa kilo kuliko dogo, na sangara wakubwa wengi ni majike. Kwa hiyo upande mmoja njaa inamsukuma mvuvi kwa samaki mchanga, na upande wa pili tajiri wa mabondo anamsukuma kwa mzazi. Ukiandika mkakati wa maendeleo endelevu wa sekta hii bila kulitaja bondo, umeandika barua ya mapambo.

Na kuna ubishi mwingine, mzito kuliko huo. Jeppe Kolding wa Bergen na wenzake wamehoji kwa miaka mingi kama tatizo la ziwa ni uvuvi kupita kiasi au ni maji yenyewe kujaa mbolea na maji taka hadi hewa inapungua vilindini. Mnakumbuka magugu maji ya miaka ya 1990 yalivyofunga bandari. Kama Kolding yuko sahihi hata nusu, basi mshindani wa kiwanda cha samaki ni pia mji usiosafisha maji taka yake, na shamba linalomwaga udongo na mbolea kwenye mto. Hapo meneja wa Porter atashika kichwa: mkakati wake sasa unafika Narok, unafika Ngara, unafika kwenye choo cha kila nyumba ya Kisumu. Si watafiti wenzake wote wanaokubaliana naye, na mimi si mtaalamu wa samaki wa kuamua. Ninachojua ni kwamba tawi moja la utafiti wa mkakati limeanza kukubali kwamba mkakati una migongano ya namna hii. Tobias Hahn na wenzake, mwaka 2010, walisema waziwazi kwamba hadithi ya kila mtu kushinda imetiwa chumvi, kwamba mara nyingi kuna kupoteza kitu, na kazi ya meneja ni kusimama kwenye mvutano huo bila kuuficha. Ni ukweli uliochelewa, lakini umefika.

Tawi jingine, ambalo ndilo lenye fedha nyingi zaidi sasa, ni la kupima na kuripoti. John Elkington, Mwingereza, alikuja mwaka 1994 na wazo la kuhesabu mambo matatu pamoja: faida, watu na sayari. Wazo likapendwa kila mahali. Mwaka 2018 yeye mwenyewe akaandika kwamba analirudisha kwa matengenezo, kwa sababu makampuni yaliligeuza kuwa daftari la hesabu wakati yeye alitaka mfumo wa uchumi ubadilike. Hiyo haikuzuia lolote. Juni 2023 bodi ya kimataifa ya viwango vya uendelevu ilitoa viwango viwili vipya vya kuripoti, na wahasibu wetu wameshaanza semina. Sina ugomvi na hesabu. Ila viwango hivyo vimeandikwa kwanza kwa ajili ya mwekezaji anayetaka kujua hatari iliyo mbele ya fedha zake. Ripoti inaweza kupendeza, yenye picha ya mtoto anayepanda mti, na isiseme popote samaki waliopokelewa mwaka huo walikuwa na urefu gani.

Upo pia mkondo wa Elinor Ostrom, aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, akiwa mwanamke wa kwanza kuipata. Kitabu chake cha 1990 kilionesha kwamba wanaotumia rasilimali ya pamoja wanaweza kujitungia sheria na kuzisimamia, alimradi wawe na sauti katika kuzitunga na mpaka wa nani yumo na nani hayumo uwe wazi. BMU za mialoni, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia rasilimali za uvuvi, zinafanana na wazo hilo kwa juu. Kwa chini, nyingi zilianzishwa kwa amri, zikapewa kazi ya polisi bila mshahara wa polisi, na uchaguzi wake ukatekwa na matajiri wa vyombo. Ostrom asingeshangaa.

Wanaosahaulika kabisa na watafiti wa mkakati ni watu wa dagaa. Kwa uzito, dagaa ndiye anayeongoza katika samaki wanaovuliwa ziwa zima, na hahitaji ndege. Anavuliwa usiku kwa taa, anaanikwa asubuhi, na biashara yake ya kukausha na kuuza imeshikwa kwa kiasi kikubwa na akina mama. Nenda soko la Mwaloni Kirumba uone magunia yanavyopakiwa kwenda Kongo na kwingineko. Mama anayeamua kujenga chanja ili dagaa wasiguse mchanga, ambaye anapima kama bei ya dagaa safi itarudisha gharama ya mbao na waya kabla mvua hazijaanza, huyo anafanya mkakati. Gail Whiteman na William Cooper waliandika mwaka 2000 kuhusu wategaji wa Kikri kule Kanada na jinsi maarifa ya mahali yanavyomfanya mtu asimamie rasilimali kwa namna ambayo meneja wa ofisini haioni. Makala ile ina heshima kubwa hadi leo. Mama wa chanja naye anangoja wa kumwandika.

Ombi langu basi ni kwako mwanafunzi wa shahada ya pili, hapo Mwanza, Kisumu au Kampala, unayetafuta mada. Tasnifu za "athari za mbinu za kimkakati katika ufanisi wa kampuni", zenye dodoso la nakubali sana, nakubali, sina hakika, tunazo za kutosha kujaza bohari. Jaribu nyingine. Chukua mwalo mmoja na kiwanda kimoja. Pima samaki wanaoshushwa, pima wanaopokelewa getini, fuatilia waliokataliwa wameishia kwa nani na kwa bei gani. Fanya hivyo kwa misimu miwili. Watu wa taasisi za utafiti wa uvuvi, TAFIRI ya Tanzania, KMFRI ya Kenya na NaFIRRI ya Jinja, wanawajua samaki, na walimu wako wanaijua kampuni. Wakutanishe, hata kama itakubidi ulipe chai mwenyewe. Kisha ukimaliza, andika kurasa kumi kwa Kiswahili uwasomee watu wa BMU waliokupa takwimu.

Na wewe mwenye kiwanda unayenisikiliza, mwanafunzi huyo akija getini na rula, mfungulie.